Mama Hussain na Treni ya Siku ya Kwanza

Kwanza niliweke sawa hili, maana jengo letu hapa Thorncliffe Park, Kanada, limeshalisokota mpaka halitambuliki: Mama Hussain hakupotea. Aliachwa na treni. Kuachwa na treni si kupotea, mtu yeyote wa Tabora atakwambia. Kama kuna aliyepotea siku ile ni mimi, na nilipotea nikiwa na simu mbili, nauli na akili zangu zote. Kwa hiyo wale wanaosema kwenye lifti eti bibi wa watu alikutwa akizurura kwenye theluji, waje kwangu ghorofa ya saba. Nitawapa chai, nitawapa na ukweli, na asiyeutaka ukweli nitamnyang'anya kikombe.

Naitwa Anastasia. Ni Mnyamwezi, ni Mkatoliki, na mdomo wangu haujui likizo. Napika katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee. Mama Hussain mlango wake unatazamana na wangu. Jina lake hasa ni Khatija, Mhindi wa Tabora, Khoja Ithnasheri, ana miaka sabini na minane, na kimo chake kinaishia begani kwangu, nami si mrefu. Tulijuana ndani ya lifti. Nilikuwa nagombana na kaka yangu kwenye simu, tena kwa Kiswahili cha sokoni, nikijua humu ndani hakuna anayenielewa. Bibi mmoja wa Kihindi, ushungi kichwani, mfuko wa vitunguu mkononi, akasubiri nikate simu, kisha akasema kwa upole, "Binti, mtukane yeye. Mama yake mwache, maana mama yenu ni mmoja."

Nilitamani ile lifti ianguke. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tabora."

"Tabora wapi?"

"Ipuli."

"Mimi stesheni," akasema, akashuka na vitunguu vyake.

Hivyo ndivyo anavyojibu mpaka leo. Wenzake wamezaliwa mitaani, yeye kazaliwa stesheni. Baba yake, mzee Hasham, alikuwa na hoteli ya chai ng'ambo ya barabara, mkabala na stesheni ya Tabora, na alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake: kikombe cha kwanza cha kila birika hakiuzwi. Kinakwenda kwa mtu wa reli, awe dereva, awe gadi, awe mpiga kengele, yeyote aliye zamu. Treni ikisimama kusubiri kupishana na nyingine, watoto wa mzee Hasham wanavuka mbio na vikombe. Khatija alianza kuvuka kabla hajang'oa meno ya utoto. Anasema haikutokea hata siku moja gadi apulize filimbi kabla mtoto hajarudishiwa kikombe chake.

Na familia ile ina ushupavu mwingine. Reli mpya ikifunguliwa mahali walipo, lazima mmoja wao apande siku ya kwanza, na asipande mikono mitupu. Mambo haya yalianza na babu yake. Mwaka 1912, reli ya Wajerumani ilipofika Tabora, siku ya sherehe ilifungwa kamba. Ndani ya kamba wakubwa na bendi, nje ya kamba wale walioijenga. Babu alikwenda na birika lake akitaka kupanda, wakamsukumia nje. Basi akauza chai hukohuko nje ya kamba mpaka birika likakauka, na walipoanza kuuza tiketi kwa watu wa kawaida yeye alikuwa wa kwanza dirishani. "Siku ya kwanza ni ile ya kwanza kuuzwa tiketi," Mama Hussain hunifundisha. "Ile ya bendi haihesabiki."

Mimi niliposikia hadithi hii mara ya kwanza nilimkatiza. Nikamwuliza, mama, hapo nje ya kamba, nani alikuwa ananunua hiyo chai? Akasema ni Wanyamwezi waliobeba mataruma ya kulazia reli. Nikamwambia, basi mmoja wao alikuwa babu wa babu yangu, na kabla ya hapo alikuwa mpagazi, anashuka pwani na mzigo kichwani na kurudi na nguo, na reli ilipofika kazi yake ikafa. "Kwenu reli ilifungua duka," nikasema, "kwetu ilifunga njia." Mwingine angenuna. Yeye alifikiri kidogo, akanimiminia kikombe kingine, akasema, "Basi babu yangu alikosea kumuuzia. Kunywa, hii haina bei." Tangu siku hiyo mimi na yeye hatupimiani maneno.

Reli ya Uhuru ilipoanza, ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, alikuwa ameshaolewa Dar na marehemu Sherali, muuza vitambaa. Alipanda akiwa na mimba ya Hussain na kapu la kababu, Sherali akimfuata nyuma na mito miwili. Baadaye wakaja huku Kanada. Akashona mapazia kiwandani mpaka vidole vikagoma, akamzika Sherali, akabaki na nyumba yake ya vyumba viwili inayotazamana na yangu. Treni za chini ya ardhi za mji huu alizikuta zimeshafunguliwa zamani, wakati yeye bado anavuka barabara na vikombe. Kwa hiyo walipoanza kuchimba barabara ya Eglinton kujenga reli mpya, alifurahi kama mwenye harusi. Wakachimba. Wakachimba. Watu wakaoana, wakaachana, wao bado wanachimba. Akasubiri.

Katika kusubiri huko ndipo alipoanguka. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka jana, anatoka kwa Nazira. Nazira ni rafiki yake wa utotoni, binti wa fundi cherehani wa Tabora, anaishi kwenye jengo lililo karibu na kituo cha Kennedy, Scarborough. Miguu imemkataa, hatoki. Kila Jumapili Mama Hussain alikuwa anabadilisha mabasi kwenda kwake, wanasoma dua, wanakula, wanawasengenya walio hai na kuwasamehe waliokufa. Siku hiyo aliteleza kwenye barafu akingoja basi la pili, akavunjika kiwiko cha mkono. Mtu asiyemjua ndiye aliyempigia Hussain simu.

Hussain ni mtoto mzuri, nisimsemee vibaya. Ana kazi ya kompyuta, ana nyumba kubwa Markham, nje ya mji, ana gereji ya magari mawili. Lakini tangu siku ile amekuwa askari jela mwenye huruma. Akatengeneza chumba cha chini kwake, akaweka vyuma vya kushikia bafuni, akaweka na televisheni ukubwa wa mlango. Markham ni pazuri ukiwa na gari. Usipokuwa nalo, wewe ni sanduku: unakaa ulipowekwa mpaka aje mtu akunyanyue. Mama Hussain alimwuliza, "Na kwa Nazira nitakwenda vipi?" Akajibiwa, "Nitakupeleka nikipata nafasi, mama."

Neno hilo linanichoma. Nawapikia uji watu ambao watoto wao watakuja wakipata nafasi. Wamevalishwa vizuri, wamechanwa nywele, wamekalishwa dirishani. Sisemi watoto hao ni wabaya. Nasema uji unapoa.

Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa pili mwaka huu, Hussain alikuja; mke wake hakuja, alikuja na binti yake Rida na rundo la maboksi ya kuhamia, yamekunjwa, yamefungwa kwa kamba. Mimi nilikuwa pale nakunywa chai. Akayaegemeza ukutani, akasema, "Mama, mwisho wa mwezi huu tunamwambia mwenye jengo kwamba unaondoka."

"Tunamwambia, nani na nani?"

"Mama, tafadhali."

"Kesho kuna reli inafunguliwa," Mama Hussain akasema, kana kwamba hakusikia. "Kesho. Jumapili. Nazira yuko mwisho wa reli. Kutoka hapa ni basi moja, treni moja. Hakuna tena kungoja basi la pili kwenye barafu. Sasa unanihamisha kwa sababu gani?"

Rida akadakia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia ila hakimtoki. Alikuwa na kazi ya shule kuhusu reli za kwanza za nchi mbalimbali, na kila alichosoma kilimshangaza. Akamwambia dadima wake, ndivyo wanavyomwita mama wa baba, kwamba Kanada ilianza mwaka 1836 huko karibu na Montreal, India ikaanza Bombay mwaka 1853. Halafu akasema, masikini, bila nia mbaya, kwamba Uingereza mwaka 1830, siku reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa, treni ilisimama kunywa maji, mbunge mmoja akashuka kusalimiana na watu, akagongwa na treni nyingine, akafa.

"Umeona?" Hussain akaruka juu. "Siku ya kwanza, mama! Mzima wa afya, mbunge!"

"Ndiyo maana," Mama Hussain akasema. "Mbunge amezoea kupishwa njia. Mimi nimezoea kupisha." Kisha akamgeukia Rida. "Na wewe, huko kote umeandika nani alikata utepe. Nani aliwapikia waliojenga?"

Rida akasema haikuandikwa popote.

"Basi andika kwamba haikuandikwa."

Hussain akashusha pumzi. Ni mtu wa kazi za kompyuta, anapenda kitu kipimwe. Akasema haya, mama aende kwa Nazira kesho kwa treni, aende peke yake na arudi. Akienda na kurudi bila tatizo, habari ya Markham haitajwi tena mwaka huu. Likitokea tatizo, maboksi yanajazwa. Mama yake akasema, "Na nani atakuwa shahidi?"

Wote wakanigeukia.

"Dada Anastasia atapanda naye," Hussain akasema. "Lakini atakaa mbali. Hamsaidii, hamsemeshi."

Jamani, mimi! Nikae kwenye treni nisiseme! Nilitaka kumwambia aende akamtafute bubu. Lakini nikawaza, kama lazima awepo shahidi, heri awe wa upande wetu. Nikakubali huku nimeuma meno.

Kesho yake baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mama Hussain alikuwa amevaa koti linalomfunika mpaka vifundoni, ushungi mweusi, viatu vya theluji, na mkononi kapu: bajia, kababu, chupa kubwa ya chai ya maziwa yenye iliki, na vikombe vya karatasi. Mwili mdogo, mzigo wa harusi. Nilinyoosha mkono nimpokee, akanipiga kofi la vidole. "Refa habebi mpira," akasema. Tukapanda basi mpaka makutano ya Don Mills na Eglinton, yeye mbele, mimi nyuma kama mpelelezi wa kijinga.

Kituoni watu walikuwa wamejaa. Kuna waliokuja na kamera, kuna waliokuja na watoto mabegani, kuna wazee waliovaa kofia zenye picha za treni. Mama Hussain akagusisha kadi yake, akasema bismillahi, akaingia na mguu wa kulia, akapata kiti dirishani. Mimi nikakaa nyuma yake viti kadhaa. Treni ikaondoka polepole, ikatoka ardhini, jua likatuingilia pande zote, watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Sioni aibu, machozi yalinilenga.

Hapo akafungua kapu. Nilijua atafungua, na nilijua hapa si Tabora. Watu wa mji huu ukiwapa chakula kwenye treni wanakutazama kana kwamba umewaomba figo. Kijana mwenye kamera akasema hapana, asante. Mama mmoja mwenye vitu masikioni akageuza uso. Mama Hussain hakurudisha mkono hata kidogo. Akaendelea kiti kwa kiti, "Karibu, karibu, ni siku ya kwanza," kwa Kiswahili na Kiingereza chake cha kiwandani, mpaka akamfikia mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe. Mzee akachukua kababu, akatafuna, akafumba macho. Akasema jina lake Malek, na kwamba mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiweka giligilani namna hiihii. Kuona hivyo na yule mwenye kamera akarudisha moyo. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wenye bajia hausukumwi mara mbili. Baada ya vituo vichache behewa zima lilikuwa linanukia nyumbani.

Akanifikia na mimi. "Karibu, dada," akasema, macho makavu kabisa. "Unatoka mbali?"

Bajia nusura initoke puani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wanapoharibu habari. Tukafika kituo kimoja cha juu, kile cha katikati ya barabara, treni ikasimama. Milango ikafunguka, ikabaki wazi. Sauti ikatangaza kwamba tutasubiri kidogo. Kwa mbele nikaona treni nyingine inakuja kwa upande wa pili. Mama Hussain naye akaiona, na nikauona uso wake ukitulia, uso wa mtu aliyefika kwao. "Tunapishana," akasema, kwa sauti, bila kumwambia mtu.

Pale nje alikuwepo dada mmoja mfanyakazi, kizibao cha kung'aa juu ya koti, anaelekeza watu, pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Mtu wa reli, yuko zamu, na hakuna aliyempa kikombe chake. Mama Hussain akamimina chai, akaacha kapu kitini, akashuka.

Nilifungua mdomo. Nikakumbuka ahadi niliyompa Hussain. Nikaufunga. Mdomo huu ambao haujafungwa na padri wala polisi, ukafungwa na makubaliano ya Markham, na katika kufungwa huko milango nayo ikafunga. Hakuna filimbi, hakuna bendera, hakuna gadi. Treni ikaondoka.

"Mama Maria!" Nilipiga kioo kwa viganja viwili. Yeye yuko nje, kikombe mkononi, amegeuza shingo, anatutazama tunavyokwenda. Nimemjua bibi huyu kwa miaka, sijawahi kumwona na uso ule. Aliogopa. Na mimi niliogopa, nikajilaani, nikamlaani Hussain, nikamlaani na aliyebuni milango inayojifunga yenyewe.

Nikalinyakua kapu. Ndani yake simu ikaita. Ni Hussain, bila shaka. Nikapokea.

"Mama?"

"Ni Anastasia."

"Mpe mama."

"Mama hayupo hapa. Kashuka kumpa mtu chai, mlango umefunga, yuko kituo cha nyuma."

Halafu sauti yake ikatetemeka. "Peke yake? Bila simu? Kwenye baridi hii?"

"Peke yake ndiyo ulivyotaka, kaka Hussain! Nishuke nimfuate au niendelee kukusikiliza?"

"Basi," akasema. "Limekwisha hili. Nakwenda kwake sasa hivi. Mrudishe, mtanikuta nafungua maboksi." Akakata.

Nilishuka kituo kilichofuata. Nikavuka kwenda upande wa kurudi. Nikawaza, je, kama anakuja? Nikavuka tena. Nikawaza, je, kama kasimama kunisubiri? Nikavuka mara ya tatu, taa ikaniwakia nyekundu, gari likanipigia honi, nami nikalitukana hilo gari kwa Kinyamwezi. Nilikuwa bado natukana pale treni nyingine ilipofika upande wa Kennedy na milango ikafunguka, na mlangoni kasimama nani? Mama Hussain, kashika chuma, mnyoofu kama gadi.

"Anastasia! Unafanya nini hapa?"

"Nakutafuta wewe!"

"Nani kakwambia nimepotea? Panda, mwanangu. Hii haingoji."

Nikapanda. Nikamkumbatia mbele za watu, ahadi ya kutosemeshana nikaitupa huko. Akaniacha nimkumbatie, kisha akasema chinichini, "Niliogopa. Sitakudanganya. Ilipoondoka moyo ulinidondoka. Nikasema, Khatija, nchi hii hawapulizi filimbi, na sasa umejua. Yule dada ni Mkongo, anaitwa Yvette. Alikunywa chai yake yote, akaniambia aksanti sana mama, akanionyesha pa kusimama pasipo na upepo. Muda si muda ikaja nyingine. Mambo yote ni hayo."

Nikamweleza kuhusu simu. Akatazama nje, majengo yanapita.

"Amesema nimeshindwa?"

"Amesema limekwisha."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Ukweli."

"Vizuri. Sitaki shahidi wa uongo."

Nikamwambia turudi upesi, tumuwahi, labda tukimkuta mapema hasira zitakuwa bado laini. Akanitazama kana kwamba nimemshauri aiibe treni.

"Nazira amepika?" akauliza.

"Atakuwa amepika."

"Basi twende kwa Nazira."

Tukaenda kwa Nazira. Alikuwa amekaa dirishani na kiti chake cha magurudumu, ameiona treni ikiingia, analia na kucheka. Akataka kuambiwa kila kitu: viti rangi gani, nani alikataa bajia, nani alichukua mbili. Akala bajia iliyopoa akasema zile za moto hazina lolote. Mama Hussain alimweleza na habari ya kuachwa, bila kupunguza, halafu habari ya maboksi. Nazira akaweka kikombe chini.

"Ukihamia Markham mimi nakufa," akasema, hivihivi tu.

"Usife," Mama Hussain akasema. "Sihami."

Wakasoma dua zao, mimi nikaosha vyombo, tukarudi kwa treni ileile. Safari hii hakushuka popote. Mikono kwenye kapu tupu, midomo inatembea, sikujua anasali au anapanga maneno.

Hussain tulimkuta sebuleni, kochini, hajavua koti. Boksi la kwanza lilikuwa limeshasimamishwa na kubandikwa utepe wa gundi chini yake, tupu, katikati ya zulia. Akainuka. "Mama, uliachwa njiani."

"Niliachwa. Nikapanda iliyofuata, nikafika, nikala, nimerudi. Vua viatu, umekanyaga zulia langu."

"Tulikubaliana iwe bila tatizo."

"Tulikubaliana. Nimeyafikiri hayo makubaliano njia nzima." Akavua koti lake taratibu, kifungo kwa kifungo, akalitundika. "Wewe una miaka hamsini. Ndege haijakuacha?"

Hussain akainama kuvua viatu.

"Ilimwacha mwaka juzi," nikasema, "tena ya kwenda Dar, akalala kwenye benchi..."

"Anastasia, nyamaza. Ndege ilikuacha. Njia umepotea, gari umegonga mara mbili, moja ukiwa na Rida ndani. Nani alikuletea maboksi? Nani alisema Hussain ameshindwa, atolewe kwake? Leo ningerudi bila tatizo, ungenipa mwaka mmoja. Mwakani mtihani mwingine. Sikiliza, mwanangu. Jana nilikubali kwa sababu nilitaka kupanda treni. Lakini mimi sifanyi mtihani ili nikae nyumbani kwangu. Hata ningepotea kweli, hata ningeletwa na polisi, mlango huu ni wangu."

Nilitegemea Hussain apandishe sauti. Hakupandisha. Uso wake ulivunjika, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtoto ndani ya lile koti la bei mbaya. "Ulilala kwenye barafu, mama," akasema. "Watu wanakupita. Mtu nisiyemjua akanipigia. Na leo tena nimepiga, kapokea mwingine. Simu ikiita kazini, nyumbani, usingizini, nasema ni wewe. Naogopa, mama. Naogopa kila siku."

Hasira zangu zote zikayeyuka, nikasema moyoni basi, amekwisha huyu bibi, hapa atalainika. Na kweli alikwenda akakaa kando yake, akamkalisha, akauchukua mkono wake akauweka mapajani mwake, ule mkono mkubwa kwenye vile vidole vilivyopinda kwa mapazia.

"Ogopa," akamwambia. "Usione haya. Mimi nilikuogopea tangu uko tumboni, na sikukufungia ndani hata siku moja. Ogopa, mwanangu, lakini ogopa ukiwa kwako Markham. Mimi nitaogopa nikiwa kwangu."

Nikawachemshia chai, na Hussain alikaa pale mpaka ikapoa. Kisha akainuka, akaubandua ule utepe, akalikunja boksi, akayabeba maboksi yote kwapani akayashusha chini kwenye pipa la kutupia karatasi.